Damu haisemi isipoulizwa

Kuna kauli moja ambayo kila mtu aliyewahi kuketi kwenye foleni ya hospitali nchini mwetu ameisikia. Mgonjwa hutoka katika chumba cha tabibu akiwa ameshika kikaratasi, jamaa zake wakamzunguka na kumwuliza ameambiwa nini. Naye hujibu kwa maneno mawili tu: "Damu imepungua." Wote hutikisa vichwa, kana kwamba maneno hayo mawili yamelimaliza shauri. Jioni hiyo mchicha huchumwa, maini hununuliwa, bitiruti husagwa, na chupa ya dawa ya kuongeza damu huwekwa mahali pa heshima juu ya kabati.

Mwandishi wa makala haya ni mwalimu wa isimu. Shahada yangu ya uzamifu ni ya lugha, wala haitibu hata mafua. Hata hivyo, nimeshuhudia nyumbani kwetu kwamba neno lisilo wazi laweza kuudhuru mwili wa binadamu sawasawa na chakula kibovu. Ndiyo maana leo naomba ruhusa ya wasomaji wangu, hususan walimu na wanafunzi, niuache kidogo uwanja wa ngeli na viambishi, tuzungumze juu ya damu: jinsi inavyopimwa ili kubaini upungufu wa vitamini, na jinsi sisi tunaopimwa tunavyoshindwa kuyasoma majibu yake.

Mama yangu alifundisha shule za msingi kwa miaka 34. Alipostaafu alikuwa na kisukari, na kila siku alimeza vidonge vya metformini bila kukosa, kwa nidhamu ileile aliyoitumia kusahihisha madaftari. Miaka michache iliyopita akaanza kulalamika kwamba anachoka upesi. Akipanda kilima kidogo kinachoelekea kanisani husimama mara tatu. Tulimpeleka hospitali moja, damu ikatolewa, majibu yakaja: damu imepungua. Akapewa vidonge vya madini ya chuma. Baada ya miezi miwili akapimwa tena, akaambiwa damu bado haijapanda, akaongezewa vidonge vilevile.

Miezi minane ikapita. Siku moja aliniambia, "Mwanangu, nikitembea ni kama nimekanyaga pamba." Ndara zilikuwa zinamvuka naye hana habari. Mwandiko wake, ambao vizazi vya wanafunzi waliuiga, ukaanza kuyumba. Alianza pia kusahau majina ya wajukuu. Sisi wanawe tulisema ni uzee. Majirani walisema ni sukari. Hakuna aliyeuliza swali.

Aliyeuliza alikuwa tabibu kijana katika kituo kidogo cha afya, ambako tulikuwa tumempeleka kwa sababu nyingine kabisa. Alimtazama anavyotembea, akamwambia atoe ulimi, kisha akauliza, "Mwalimu, dawa hii ya sukari umeitumia kwa muda gani?" Mama akajibu, "Miaka kumi na mitatu, baba." Kijana akanyamaza kidogo, kisha akaomba aone karatasi zote za maabara tulizokuwa nazo. Kwa bahati njema, mama hakuwahi kutupa karatasi maishani mwake.

Kwenye karatasi ya kwanza kabisa, ya miezi minane nyuma, palikuwa na mstari wenye herufi tatu: M, C na V. Mbele yake palikuwa na nambari 112, na pembeni alama ya kuonyesha kuwa kiwango hicho kimepita kawaida. Herufi hizo huwakilisha wastani wa ukubwa wa seli nyekundu za damu. Kwa mtu mzima, wastani huo aghalabu huwa kati ya femtolita 80 na 100. Mtu aliyepungukiwa na madini ya chuma huwa na seli ndogo kuliko kawaida. Seli za mama zilikuwa kubwa kupita kiasi. Damu yake ilikuwa imelisema jambo hilo waziwazi tangu siku ya kwanza, nasi tukaendelea kumpa chuma.

Kipimo cha vitamini B12 kilipofanywa, kiwango kilikuwa pikogramu 96 kwa mililita. Maabara nyingi huhesabu chochote kilicho chini ya 200 kuwa upungufu.

Neno moja, maradhi mengi

Hebu tuitazame ile kauli ya "damu imepungua" kwa jicho la mwanaisimu. Kwanza, msikilizaji hudhani kwamba ujazo wa damu mwilini umeshuka, kama maji katika mtungi. Sivyo ilivyo. Kinachopungua ni himoglobini, ile protini yenye chuma ndani ya seli nyekundu ambayo hubeba oksijeni. Pili, na hili ndilo zito zaidi, kauli hiyo hutaja matokeo bila kutaja chanzo. Himoglobini hushuka kwa sababu ya malaria, minyoo, siko seli, maradhi ya figo, kutokwa na damu, ukosefu wa chuma, ukosefu wa folati au ukosefu wa vitamini B12. Kumwambia mgonjwa kwamba damu yake imepungua na kuishia hapo ni sawa na mwalimu kumwambia mzazi kwamba mtoto wake ameanguka mtihani, bila kusema ni somo gani wala kwa nini.

Tusidhani kwamba ila hii ni ya Kiswahili chenyewe. Wazee wetu walikuwa hodari wa kuyapa majina maradhi ya lishe, madhali yalionekana kwa macho. Ufizi uliovimba na kuvuja damu waliuita kiseyeye, nasi leo tunajua kwamba hutokana na ukosefu wa vitamini C. Miguu ya mtoto iliyopinda waliiita matege, ambayo mara nyingi huletwa na ukosefu wa vitamini D. Uvimbe wa shingo waliuita rovu, na chanzo chake kikuu ni ukosefu wa madini ya iodini. Hata upungufu wa damu unaoletwa na minyoo ulipewa jina lake mahususi, safura, ili usichanganywe na mwingine. Msamiati huo ulitungwa na watu waliotazama kwa makini. Tatizo letu leo ni kwamba kuna upungufu usioonekana kwa macho hadi umekwisha kuharibu, nao haukupata jina. Kwa hiyo tukautupa wote katika kapu moja la "damu imepungua".

Historia ya taaluma hii nayo ilianzia machoni. Mwaka 1747, tabibu wa jeshi la wanamaji la Uingereza, James Lind, aliwachagua mabaharia 12 wenye kiseyeye, akawagawa wawili wawili, na kila jozi akaipa tiba yake. Wawili waliopewa machungwa na malimau ndio waliopona upesi. Miaka ya 1890 huko Batavia, mji ambao leo huitwa Jakarta, Mholanzi Christiaan Eijkman aliona kuku waliolishwa mchele uliokobolewa wakilegea miguu. Mwaka 1912 mwanakemia Casimir Funk, mzaliwa wa Poland, akauunda msamiati wenyewe kwa kuunganisha neno la Kilatini lenye maana ya uhai na jina la kundi la kemikali ziitwazo amini, kwa kuwa alidhani viini vyote vya aina hiyo ni amini. Ilipobainika kwamba sivyo, Jack Drummond wa Uingereza alipendekeza mwaka 1920 kwamba herufi ya mwisho ya neno hilo iondolewe ili jina lisidanganye. Sisi Waswahili tuliirudisha irabu mwishoni, kwa sababu lugha yetu haipendi neno liishie kwa konsonanti. Leo vitamini zinazotambuliwa kwa mahitaji ya binadamu ni 13.

Aliyetufundisha kuutafuta upungufu ndani ya damu kwa namna inayoihusu hadithi ya mama yangu ni daktari Mwingereza, Lucy Wills. Alifanya kazi mjini Bombay, nchini India, kati ya miaka ya 1928 na 1933, akawachunguza wanawake wajawazito, miongoni mwao vibarua wa viwanda vya nguo, waliokuwa na upungufu wa damu wa hatari. Alipoichunguza damu yao kwa hadubini aliona seli kubwa kupita kawaida. Mwaka 1931 alichapisha matokeo yake: dondoo la hamira liliwaponya. Kilichokuwa ndani ya hamira hiyo kilikuja kuitwa folati, jina litokanalo na neno la Kilatini lenye maana ya jani. Basi, kwamba seli kubwa si dalili ya ukosefu wa chuma ni jambo ambalo limo vitabuni kwa zaidi ya miaka 90.

Damu huhojiwaje?

Watu wengi hudhani kuwa kipimo cha vitamini ni kama kupima mafuta ndani ya tangi: unachovya kijiti, unasoma alama. Laiti mambo yangekuwa mepesi hivyo. Kila vitamini ina tabia yake, na kila moja hutaka ihojiwe kwa njia yake.

Vitamini B12 hupatikana katika nyama, maini, samaki, mayai na maziwa, na mwili huiweka akiba katika ini. Akiba hiyo huweza kudumu miaka kadhaa, ndiyo maana upungufu wake huja polepole kama mchwa. Huwapata wazee ambao tumbo lao halitoi tena viini vya kuipokea, watu wasiokula kabisa mazao ya wanyama, waliokatwa sehemu ya tumbo, na wale wanaotumia metformini kwa miaka mingi, kwa kuwa dawa hiyo hupunguza ufyonzaji wake katika utumbo. Mwaka 2022 mamlaka ya dawa ya Uingereza iliwashauri madaktari wapime vitamini B12 kwa wagonjwa wa metformini wenye dalili za upungufu, na wafikirie kuwapima mara kwa mara wale walio katika hatari zaidi. Kiwango kikiwa kati ya pikogramu 200 na 300 kwa mililita, hilo ni eneo la shaka. Hapo daktari aweza kuagiza kipimo cha asidi ya methilimaloniki, ambayo hurundikana damuni pale B12 isipotosha kufanya kazi yake. Lakini asidi hiyo hupanda pia mtu akiwa na maradhi ya figo. Naam, hata shahidi huyu wa pili hana budi kuhojiwa.

Folati ni ndugu wa B12, na ndugu hawa wawili wana hila. Ukosefu wa yeyote kati yao hukuza seli nyekundu. Mtu aliyekosa B12 akipewa vidonge vingi vya asidi ya foliki peke yake, damu yake huweza kurudi katika hali nzuri, kila mtu akashangilia, ilhali mishipa ya fahamu inaendelea kuharibika kimyakimya. Kwa hiyo ni busara B12 ichunguzwe kabla ya kutibu folati. Isitoshe, folati iliyo katika majimaji ya damu hueleza zaidi ulichokula siku za karibuni, bali ile iliyo ndani ya seli nyekundu hueleza habari za miezi mitatu au minne iliyopita, kwa maana seli hizo huishi takribani siku 120.

Vitamini A ina hadithi ya kustaajabisha. Ini huidhibiti damuni kwa uangalifu mkubwa, kiasi kwamba kiwango hubaki sawa hata akiba inapoendelea kwisha. Kinaposhuka chini ya mikromoli 0.70 kwa lita, jambo huwa limekwisha kuharibika. Zaidi ya hayo, mtoto mwenye homa au maambukizi huonyesha kiwango cha chini hata kama akiba yake ni nzuri. Kwa sababu hiyo watafiti hupima pia viashiria vya uvimbe na maambukizi mwilini kabla ya kutoa hukumu.

Vitamini D nayo huzunguka mwilini kwa sura mbili. Iko ile inayohifadhiwa, na iko ile iliyokwisha kugeuzwa na figo ili ifanye kazi. Mtu asiyejua angedhani kwamba inayofanya kazi ndiyo ya kupimwa. Kinyume chake ndicho sahihi: hiyo ya pili huweza kuwa sawa au hata kupanda wakati akiba imekwisha, kwa kuwa mwili hujitahidi kufidia. Kipimo kinachofaa ni cha ile ya kuhifadhiwa.

Na kuna vitamini ambayo kwa kawaida haipimwi yenyewe. Vitamini K hupewa jina lake kutokana na neno la Kijerumani la kuganda kwa damu. Basi badala ya kuitafuta, maabara hupima damu inachukua muda gani kuganda. Yaani mtu haulizwi kama fundi yupo. Hutazamwa kama kazi imefanyika.

Nambari nayo ni neno

Katika darasa langu la semantiki huwaambia wanafunzi kwamba neno peke yake, nje ya sentensi, lina maana nusu. Neno "kaa" laweza kuwa mnyama wa baharini, kipande cha makaa au amri ya kuketi. Muktadha ndio unaoamua. Nimekuja kutambua kwamba nambari ya maabara ni neno la namna hiyohiyo.

Chukua safu ile iitwayo "kiwango cha kawaida". Aghalabu huwekwa kwa kuwapima watu wenye afya na kuchukua asilimia 95 walio katikati. Kwa tafsiri hiyo, watu 5 katika kila 100 wenye afya njema watakuwa nje ya mipaka katika kipimo kimoja. Sasa, mwalimu wa Hisabati anaweza kuwapa wanafunzi wake swali hili: mtu mzima wa afya akipimwa vitu 20 visivyotegemeana, kuna uwezekano gani kwamba angalau kimoja kitatoka nje ya mipaka? Jibu ni takribani asilimia 64. Kwa maneno mengine, anayepimwa kila kitu pasipo sababu ana nafasi kubwa ya kuitwa mgonjwa kuliko kuitwa mzima.

Kisha kuna vipimio. Vitamini D huandikwa na maabara nyingine kwa nanogramu kwa mililita, na nyingine kwa nanomoli kwa lita. Nanogramu 1 ni sawa na nanomoli 2.5. Mtu mwenye 50 katika maabara moja ana 20 katika nyingine, na hali yake ni ileile. Asiyetazama kipimio huweza kukosa usingizi wa bure.

Hata namna damu inavyoshughulikiwa huweza kuyageuza majibu. Vitamini A huharibiwa na mwanga, hivyo sampuli yake hufichwa gizani. Vitamini C huharibika upesi mno sampuli isipowekwa katika baridi. Na mtu anayemeza vidonge vya biotini vya kurembesha nywele na kucha aweza kupata majibu ya uongo katika baadhi ya vipimo, jambo ambalo mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilitoa onyo juu yake mwaka 2017.

Hatari ya upande wa pili

Msomaji asinielewe vibaya akadhani nawahimiza watu wote wakimbilie maabara kesho asubuhi. Hatari ya upande wa pili ipo, na inazidi kukua.

Mwanafunzi wangu mmoja wa mwaka wa tatu alikuja ofisini akiwa amenyong'onyea. Alikuwa ameona tangazo la "vipimo kamili vya vitamini", akatoa sehemu ya fedha za mkopo wake wa masomo, akapimwa. Hakuwa na ugonjwa wowote. Alikuwa amechoka kwa kukesha, kama wanafunzi wote wakati wa mitihani. Karatasi ilisema vitamini D yake ni nanogramu 22 kwa mililita, na kando yake paliandikwa kwamba haitoshi. Alikuwa ameuziwa pia chupa tatu za vidonge.

Swali ni hili: haitoshi kwa mujibu wa nani? Taasisi ya Tiba ya Marekani, katika ripoti yake ya mwaka 2010, ilisema nanogramu 20 zinawatosha karibu watu wote. Mwaka 2011 chama cha wataalamu wa homoni cha nchi hiyohiyo kikaweka mpaka wa 30. Kwa hukumu ya kwanza mwanafunzi wangu alikuwa mzima. Kwa ya pili alikuwa na kasoro. Mwaka 2024 chama hicho hicho kilitoa mwongozo mpya ambao hauungi tena mkono mpaka ule wa 30, na kikashauri watu wazima wenye afya wasipimwe vitamini D kama desturi tu. Kijana alikuwa ametozwa fedha kwa mpaka ambao waliouweka wenyewe wameuacha. Na vidonge si peremende: vitamini D ikizidi sana hupandisha kalsiamu damuni hadi kudhuru figo, na vitamini A ikizidi hudhuru ini, na kwa mjamzito humdhuru mtoto aliye tumboni.

Vilevile yako mahali ambapo kutibu jamii nzima bila kumchoma mtu sindano ya kipimo ndiyo hekima. Watoto wetu wa miezi 6 hadi 59 hupewa matone ya vitamini A kila baada ya miezi 6, wala hakuna anayewatoa damu kwanza. Msingi wake uko katika kazi ya Alfred Sommer na wenzake huko Aceh, Indonesia, waliochapisha mwaka 1986 kwamba vifo vya watoto waliopewa vitamini A vilikuwa pungufu kwa takribani theluthi moja. Wajawazito hupewa kidonge chenye miligramu 60 za chuma na mikrogramu 400 za asidi ya foliki. Tangu mwaka 2012 sheria yetu inawataka wasagaji wa unga wa mahindi na ngano unaouzwa katika pakiti waongeze vitamini na madini. Mambo haya hufanywa kwa sababu tatizo la jumla linajulikana, tiba ni rahisi, na kipimo cha mtu mmoja mmoja kingekuwa ghali pasipo faida.

Tofauti iko wapi, basi, kati ya mama yangu na mwanafunzi wangu? Mama alikuwa na swali ambalo hakuna aliyeliuliza. Mwanafunzi alikuwa na jibu ambalo halikuwa na swali. Kipimo cha damu ni jibu. Thamani yake hutegemea swali lililokitangulia: mtu huyu anakula nini, anameza dawa gani, ana dalili zipi, ana umri gani, na majibu haya yatabadilisha tiba yake vipi? Wahenga walinena kwamba dalili ya mvua ni mawingu. Atakayepima mvua bila kutazama mawingu, au atakayeyaona mawingu asijisumbue kupima, wote wawili watalowa.

Kazi iliyo mbele ya walimu

Naamini sehemu ya dawa imo mikononi mwetu sisi walimu, na si walimu wa Biolojia peke yao.

Mwalimu wa Biolojia anapofundisha seli nyekundu, asiishie kuchora umbo lake ubaoni. Awaonyeshe wanafunzi karatasi ya maabara isiyo na jina la mtu, wajifunze kusoma mistari mitatu tu: himoglobini, ukubwa wa seli, na mipaka ya kawaida. Mwalimu wa Hisabati achukue lile swali la asilimia 64. Na mwalimu wa Kiswahili awape wanafunzi kazi ya kuifasiri karatasi hiyohiyo kwa lugha ambayo nyanya yao ataielewa. Watatambua upesi kwamba ugumu si wa istilahi peke yake. "Upungufu wa damu wa seli ndogo" na "upungufu wa damu wa seli kubwa" ni Kiswahili chepesi, na maneno hayo yangetosha kumfanya mama yangu, ambaye hakuwa mtu wa kuburuzwa, aulize, "Mbona zangu ni kubwa, nami napewa dawa ya ndogo?"

Nasi tulio vyuoni tusijivune. Tumeandika tasnifu nyingi kuhusu istilahi, zikajaa vumbi maktabani, ilhali mgonjwa hutoka hospitalini na karatasi ambayo hawezi kuisoma, inayozungumzia kitu kilicho chake kuliko vyote, yaani damu yake mwenyewe. Ikiwa tumeweza kutafsiri katiba, hatushindwi kutafsiri karatasi ya maabara yenye mistari 20.

Kwa mgonjwa na jamaa zake nashauri maswali manne wakiambiwa damu imepungua. Seli zangu ni ndogo, za kawaida au kubwa? Mnadhani chanzo ni nini? Je, dawa ninazotumia zaweza kuhusika? Nirudi lini kuhakikisha kwamba tiba imefanya kazi, na isipofanya tutatafuta nini? Kuuliza si ujinga, na tabibu mwema hachukizwi na swali. Foleni zao ni ndefu na usiku wao ni mfupi. Mara nyingi swali la mgonjwa ndilo linalowakumbusha jambo ambalo uchovu umewasahaulisha.

Mama alianza kuchomwa sindano za vitamini B12 wiki ileile. Baada ya miezi miwili rangi ilikuwa imemrudia, na kile kilima cha kanisani akakipanda bila kusimama. Majina ya wajukuu nayo yakarudi, pamoja na makosa yao yote. Miguu haikurudi kikamilifu. Mishipa ya fahamu ikikaa muda mrefu bila lishe yake, kuna sehemu isiyopona, na hadi leo yeye hupapasa sakafu kwa nyayo kabla ya kuuhamisha uzito wake.

Ile karatasi ya kwanza anayo bado. Ameikunja ndani ya Biblia yake, na mstari wa zile herufi tatu ameupigia kalamu nyekundu, jinsi alivyokuwa akipigia makosa ya wanafunzi. Nilimwuliza kwa nini ameiweka. Akanijibu, "Ili nikumbuke kwamba nilifundisha watoto kusoma miaka thelathini na minne, lakini karatasi yangu mwenyewe sikuisoma."